Ziwa asubuhi, miamba jioni: mwongozo kamili wa safari ya siku moja Mwanza

Safari nyingi za siku moja Mwanza huharibikia kwenye mpangilio wake. Kikundi huanza na jiwe la Bismarck saa 3 asubuhi kwa sababu liko mjini na ni rahisi kulifikia, kisha huenda makumbusho ya Bujora, na kufika kwenye boti ya kisiwa cha Saanane saa 9 alasiri. Saa hizo upepo umeshaanza kuvuma kutoka ziwani, mawimbi yanapiga ubavu wa boti, na mawe ya kisiwani yamekunywa jua tangu asubuhi. Nusu ya watu wanatapika, nusu wanatafuta kivuli.

Ugeuze mpango huo. Maji yaje kwanza, nyumba na vivuli vije mchana, na Bismarck ibaki ya mwisho. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo kwa kikundi cha watu 10 hadi 15, wawe wanafamilia, wanakikoba, wanakwaya au wafanyakazi wa ofisi moja. Kama unatoza faida, hiyo tayari ni biashara ya utalii na inataka leseni yake, inayojulikana zaidi kwa jina la TALA. Yanayofuata ni kwa anayepanga safari ya watu wake.

Swali litakaloulizwa kabla hamjafika popote

"Haya mawe yametoka kwenye volkano?" Mtu atauliza, na ukijibu ovyo utaulizwa siku nzima. Jibu ni hapana. Mawe ya Mwanza ni matale, yaani graniti, miongoni mwa miamba mikongwe ya Tanzania, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalianza kama uji wa moto chini ya ardhi, kama ilivyo kwa volkano, ila uji huu haukutoka nje. Ulipoa polepole kule chini, ndiyo maana ukilitazama jiwe kwa karibu unaona chembe kubwa: nyeupe au za waridi, za kijivu kama kioo, na nyeusi zinazometameta. Uji ukitoka nje ghafla hauna muda wa kutengeneza chembe za namna hiyo.

Na nani aliyepandisha jiwe juu ya jingine? Hakuna. Chukua kipande cha sabuni ya mche chenye pembe kali, kiache kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi kimekuwa cha mviringo, kwa sababu pembe huliwa na maji kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso kutoka upande mmoja tu. Mwamba ulipasuka kwa nyufa zilizokatana, maji yakapenya yakiwa bado chini ya udongo, pembe zikaoza kuwa kichanga na moyo wa jiwe ukabaki. Baadaye mvua zikazoa udongo, yakabaki mawe yamekaa moja juu ya jingine kama yalivyokuwa tangu zamani. Ukiweza, nenda na kipande cha sabuni mfukoni. Watoto hawatasahau.

Ziwa lenyewe pia si kreta. Lilitokea pale ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka na mito iliyokuwa ikielekea huko ikazuiwa, maji yakatuama katikati. Ndiyo maana ni pana mno lakini halina kina kirefu: sehemu ya chini kabisa ni kama mita 80 tu. Anayetaka volkano hai na maporomoko mwelekeze Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, na maporomoko ya Ngare Sero karibu na Ziwa Natron. Mwambie mapema kwamba kutoka Mwanza hiyo si safari ya siku moja. Ni ya siku tatu au nne, na barabara ya kule humaliza magari.

Wiki moja kabla: hesabu na malipo

Tenganisha gharama za aina mbili. Zipo zisizobadilika hata mkipungua: gari, boti kama ni ya kukodi nzima, na malipo ya wachezaji ngoma kama mmewaagiza. Zipo za kila kichwa: kiingilio, chakula, maji. Kosa la kawaida ni kugawanya gharama zisizobadilika kwa idadi ya walioahidi kuja.

Tuchukue namba za mfano tu. Gharama zisizobadilika ni shilingi 350,000, za kila kichwa ni 25,000, na walioandikisha ni 14. Ukigawanya unapata 25,000 na 25,000, kila mtu alipe 50,000. Asubuhi wanafika 10. Mkononi una 500,000, lakini safari inahitaji 350,000 na 250,000, jumla 600,000. Hiyo laki moja itatoka mfukoni mwako. Kwa hiyo piga hesabu kwa watu 10 ingawa wamejiandikisha 14, na wote wakitokea, ziada ifanye kazi ya soda na nauli za dharura. Chukua pesa siku tatu kabla, si asubuhi ya safari. Asiyelipa mapema, mara nyingi haji.

Saanane ni hifadhi ya taifa, na malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa benki, kwa simu au kwa kadi. Ulizia viwango vya wakati huo na upate namba hiyo kabla ya siku yenyewe, maana mtandao ukigoma asubuhi saa moja na nusu mtasimama getini mnatazamana. Viwango hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki, wageni wakaazi na wageni wa nje, kwa hiyo kila mtu mzima aje na kitambulisho. Watoto chini ya miaka 5 huingia bure.

Kuhusu gari: Noah ya watu saba ikibebeshwa tisa itafika Kisesa, kwenye njia ya Bujora, lakini polisi wa barabarani watachukua muda wenu wote. Kwa watu zaidi ya kumi kodi Hiace au Coaster, na mwambie dereva mapema kwamba mtarudi baada ya jua kuzama. Dereva anayedhani kazi inaisha saa 10 jioni atawaharakisha siku nzima.

Mizigo

Kila mtu abebe maji lita 2, kofia, nguo ya mikono mirefu nyepesi, na viatu vya soli ya mpira yenye meno. Ndala zibaki kwenye gari. Kiongozi abebe bendeji ya mpira, plasta, ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), dawa ya maumivu, tochi, mifuko miwili mikubwa ya takataka, na khanga moja. Khanga ni kivuli, ni machela ya muda, na mkono ukiteguka ndiyo kitanzi cha kuufunga shingoni.

Mvua ya Mwanza hunyesha zaidi kati ya Oktoba na Mei, ikipungukiwa nguvu katikati. Juni hadi Septemba ni kukavu, na ndio wakati rahisi kupanga. Hata hivyo, usiku wa kuamkia safari tazama utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, na alfajiri tazama ziwa kwa macho yako. Ngurumo za Ziwa Victoria huzaliwa ziwani usiku na mara nyingine hufika ufukweni asubuhi. Ukiona wingu jeusi limelala juu ya maji alfajiri, ahirisha boti kwa saa mbili.

Saa 1:15 asubuhi: Capri Point

Watu waambiwe saa 1 kamili ili wafike saa 1:15. Jua la Mwanza huchelewa kidogo, huchomoza karibu na saa 1 kasoro robo, kwa hiyo hapo bado kuna ubaridi. Boti za Saanane huondokea kwenye ofisi ya hifadhi, Capri Point, na safari ya majini ni dakika 10 hadi 15 tu. Ufupi huo ndio unaowafanya watu wadharau maji.

Usidharau. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, watu wanaona nchi kavu, na zaidi ya 220 wakafa. Kivuko kiliruhusiwa abiria 101 na kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili yake.

Kabla ya mtu yeyote kukanyaga boti, hesabu vichwa, kisha hesabu majaketi okozi. Yawe sawa, na ya watoto yawe ya watoto. Jaketi livaliwe, si kukaliwa kama mto. Funga mikanda yote, kisha simama nyuma ya mtu ulivute jaketi juu kwa mabega. Likipanda hadi kufunika masikio ni kubwa mno, na majini litamtoka au litamziba uso. Mtoto lazima apitishiwe mkanda katikati ya miguu. Kagua pia kama kuna kasia, kopo la kuchotea maji na mafuta ya kwenda na kurudi na akiba. Nahodha mzuri hakasiriki ukiuliza, na anayekasirika amekujibu.

Pangeni uzito: wanene wasikae upande mmoja, mizigo ikae chini katikati. Tatizo la kweli huja katikati ya maji, mtu anapopaza sauti "kenge yule!" na watu wanane wanainuka upande mmoja na simu zao. Kataza jambo hilo mkiwa bado nchi kavu, kwa maneno haya haya: hakuna kusimama, picha zitapigwa ukiwa umekaa.

Saanane, saa 2:15 hadi saa 5

Kisiwa kilipata jina lake kwa Mzee Saanane Chawandi aliyeishi hapo. Mwaka 1964 kiligeuzwa kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza kumilikiwa na serikali nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Pamoja na maji yanayokizunguka, hifadhi nzima ni kilomita za mraba 2.18, miongoni mwa zilizo ndogo kabisa nchini. Kwa kikundi chenye wazee na watoto udogo huo ni faida: unakizunguka kisiwa kwa miguu na bado hujachoka.

Askari wa hifadhi ataongoza. Wewe kaa mwisho wa mstari, si mbele, kwa sababu anayepotea au kuteguka huwa nyuma. Mtaona swala, tumbili na pimbi. Pimbi anafanana na panya mkubwa, lakini jamaa yake wa karibu kwa damu ni tembo, na hapo ubishi utaanza. Zile alama nyeupe zinazoteremka kwenye mawe kama chokaa iliyomwagika si rangi, ni mikojo ya pimbi iliyokauka kwa miaka mingi.

Kuanzia kama saa 3 mijusi ya mawe huja kuota jua: dume ana kichwa na kifua chekundu cha waridi, mwili wa buluu, na hupiga pushapu juu ya jiwe kuwatisha wenzake. Kitaalamu anaitwa Agama mwanzae, kwa jina la mji huu. Ukitaka picha yake, chuchumaa mita tatu mbali, usiruhusu kivuli chako kimguse, na subiri. Akishuka kwenye ufa, atarudi jiwe lilelile ndani ya dakika chache ikiwa hamtapiga kelele.

Kupanda matale kuna namna yake. Graniti kavu inashika kiatu kama msasa. Weka unyayo mzima, usipande kwa vidole, na pitia sehemu yenye chembe za kukwaruza. Epuka michirizi myeusi iliyoteremka na maji, ni kuvu na mwani vilivyokauka, na tone moja la mvua huvigeuza kuwa sabuni. Alama za pimbi nazo huteleza. Utaona pia mahali jiwe linajimenya kwa magamba mapana kama ganda la kitunguu: gonga kwa kisigino, likilia wazi kama debe tupu, usisimame ukingoni. Wakati wa kushuka geuka ubavu, magoti yakilegea. Wanaoteguka huwa hawapandi vibaya, huruka kutoka jiwe moja hadi jingine kwa ajili ya picha.

Usiingize mkono kwenye ufa usioona ndani yake. Nyuki hujenga humo, na chatu hupumzika humo. Ikisikika ngurumo hata ya mbali, shukeni kileleni mara moja na msirudi juu hadi zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine. Mtu aliyesimama juu ya jiwe tupu katikati ya ziwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo.

Kuogelea hapana, hata joto likizidi. Mamba wapo, lakini anayewapata watu wengi zaidi ni kichocho. Konokono wake hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye magugu, pale pale panapoonekana pazuri kulowesha miguu. Aliyelowa ajikaushe kwa taulo papo hapo, na baada ya wiki 6 hadi 8 akapime. Dawa ipo, ni prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito.

Saa 5 kamili mwe kwenye boti. Mkichelewa hadi saa 6 mtaanza kuonja upepo.

Chakula

Chakula cha mchana hula muda kuliko barabara. Kikundi cha watu 14 kikiingia mgahawani bila taarifa na kila mmoja akataka sato wa kukaanga, hesabu saa moja na nusu: kuparua, kuchanja, kukaanga kwa zamu katika karai moja, na ugali ukipoa ukingoja. Piga simu saa 2 asubuhi kabla ya boti, taja idadi na saa ya kufika, na uchague mlo mmoja kwa wote. Sato wa nusu kilo kwa kila mtu mzima anatosha na ugali na mchicha. Sangara wa mchuzi ni haraka zaidi, kwa kuwa hupikwa sufuria moja. Kama mnapika wenyewe, unga kilo moja hulisha watu wanne au watano waliopanda mawe asubuhi.

Kuleni mjini au agizeni Kisesa. Nashauri Kisesa, maana baada ya ugali na sato hakuna anayetaka kupanda gari.

Bujora, saa 7:30 mchana

Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, karibu na Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Si mbali, ila kupita Mabatini, Buzuruga na Igoma kunategemea foleni, kwa hiyo weka saa nzima. Asiye na gari atapanda daladala za Kisesa na kumalizia kwa bodaboda.

Mahali hapa palianzishwa na padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na majengo yake ndiyo nusu ya habari: banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na kanisa linafuata duara la nyumba ya Kisukuma. Ndani mtaona ngoma za himaya mbalimbali, nyumba ya mhunzi na nyumba ya mganga. Mchukueni mwenyeji wa hapo awaeleze. Ukijifanya unajua, utawanyima watu sehemu tamu, hasa habari ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo ushindani wao haujaisha mpaka leo. Mkiwa mmeagiza ngoma, mtaona Bagobogobo wakirusha majembe hewani. Kuagiza kufanyike siku kadhaa kabla, kwa sababu wachezaji ni watu wenye mashamba na kazi zao. Anayeweza kuchagua tarehe alenge Juni, wakati wa sherehe za ngoma za Bulabo, ila siku hiyo asahau utulivu.

Wazee wa hapo wasalimuni. "Mwangaluka" ni ya asubuhi, na mchana "mwadila" hufungua milango mingi kuliko noti ya elfu kumi. Picha za watu ziombwe kwanza. Hali kadhalika mjini, kwenye vilima ambako nyumba zimejengwa katikati ya mawe: jiwe unalolipenda ni ukuta wa jiko la mtu, kwa hiyo piga hodi.

Ondokeni saa 9 na nusu. Mkiondoka saa 10 na nusu mtakutana na foleni ya Igoma na kulikosa jua.

Yasiyoingia kwenye siku hii

Kila kikundi kina mtu atakayesema "tupitie na Ukerewe". Meli ya kwenda Nansio, mji wa kisiwa hicho, huchukua takriban saa tatu kwenda tu, na jiwe linalocheza liko Ukara, mbele zaidi. Hiyo ni safari ya kulala. Serengeti kwa lango la Ndabaka inawezekana kwa siku moja, ni kama kilomita 140, lakini ipewe siku yake na muondoke alfajiri. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lenye kilomita 3, linaweza kuchukua nafasi ya Bujora kwa wasiopenda makumbusho.

Saa 11:30 jioni: Bismarck

Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani Otto von Bismarck, limesimama majini karibu na gati la kivuko cha Kamanga. Asubuhi ni jiwe la kijivu tu. Jioni jua huteremka upande wa ziwa, na kati ya dakika 20 za mwisho na dakika 10 baada ya kuzama ndipo linapoonekana kama lilivyo kwenye kalenda.

Usimpange mtu mbele ya jua ukamwangazia tochi ya simu. Mweke pembeni, gusa anga kwenye kioo cha simu ili mwanga upungue, na umbo la jiwe litajichora lenyewe. Mwenye kamera apige magoti, ili jiwe la juu likae angani badala ya kuzama kwenye mstari wa maji. Watoto wasipewe ruhusa ya kuingia majini kulifikia jiwe, hata wakiona vijana wengine wanafanya hivyo.

Jua huzama karibu na saa 1 kasoro. Mbu huamka papo hapo, na siku nyingine wadudu wa ziwani huja kama moshi na kukimbilia taa za gari, kwa hiyo dereva azime taa na vioo vifungwe kabla watu hawajaanza kupanda. Hesabu vichwa tena kwa majina, si kwa namba, kwa sababu mara nyingi jamaa wa mjini aliyekuja kusalimia huingia kwenye hesabu na aliyebaki kununua karanga gatini akasahaulika.